Leva Niliyokuficha

Ruiru, baada ya mvua kubwa

Baba Zuhura,

Nimekaa na kalamu hii tangu nifungue gereji na sijui nianzie wapi. Ulinifundisha kuitikia salamu yenu, lakini hukunifundisha vile mtu husalimiwa akiwa kaburini, kwa hivyo nitakusalimia tu vile nilizoea: habari ya Thika, mzee? Ni mimi, Kariuki wa Ruiru, yule uliyefungua naye gereji ya pikipiki karibu na reli, tukakaa miaka kumi na moja chini ya paa moja. Naandika kwa sababu kuna kosa nilikufanyia. Nimelijua juzi tu, na wewe una mwaka mzima tangu ututoke.

Wacha nikupe habari kwanza, maana ulikuwa mtu wa habari kabla ya kazi. Mvua imenyesha mpaka watu wakasahau jua liko upande gani. Nusu ya paa la gereji ilienda na upepo, na benchi yako imeoza mguu mmoja, nimeuwekea mawe. Kule Gatongora kahawa inang'olewa, kila mtu anakata ploti. Mke wangu Wambui amepata meza sokoni Githurai 45, anauza viazi na vitunguu, anarudi jioni miguu imefura lakini mdomo ni ule ule. Bado anakuita "yule mzee wako" kama vile utaingia saa yoyote uulize chai iko wapi. Mimi navaa miwani sasa. Najua ungecheka.

Na mchana bado tunakula githeri, mahindi na maharagwe yetu yale yale. Tulianza githeri kwa sababu yako, kwa vile hukula nyama bila kujua imechinjwa na nani, na mimi sikutaka ukae pembeni na ndizi yako watu wakila. Ulipoondoka ningenunua nyama kama ningetaka. Sikununua, hata sijui kwa nini. Nilikuwa nimekukasirikia na bado nachemsha githeri yako.

Sasa nikwambie habari ya ile pikipiki. Nitaieleza pole pole, hata yale unayoyajua kuliko mimi, kwa sababu mara ya kwanza niliharakisha na ndiyo maana tuko hapa.

Ni ile nyekundu ya Daktari Mbugua, yule daktari wa ng'ombe. Ile kubwa ya Kijapani aliyouziwa na mzungu aliyekuwa anarudi kwao. Hapa Ruiru pikipiki zetu zote klachi zinavutwa na waya, na hiyo peke yake ilikuwa ya mafuta. Unavuta leva kwa usukani, pampu ndogo iliyo hapo juu inasukuma mafuta ndani ya paipu, mafuta yanashuka mpaka pampu ya chini, klachi inaachia. Hewa ikiingia ndani, leva inakuwa laini kama ya kuchezea, unaivuta mpaka mwisho na klachi bado imeshika. Lazima utoe hewa yote. Hiyo ilikuwa kazi yako. Ulikuwa umeijulia kwa breki za malori kiwandani Thika, na mimi nilikuwa nabaki kukushikia chupa.

Ulikuwa na desturi moja iliyowachosha wateja. Kabla ya kushika spana, unaketi juu ya debe lako, unaitazama mashine, halafu unauliza: "Nani aliigusa mwisho, na aligusa nini?" Hata kama gereji nzima ni sisi wawili, unauliza. Mtu akikwepa, unanyamaza mpaka ajibu. Mimi nilikuwa naona ni mambo ya uzee.

Siku ile nilikuwa nimeigusa mimi. Daktari alianguka kwa matope, leva ya klachi ikavunjika, na ya aina ile haikuwa inapatikana mahali popote. Nikaenda kwa wale wauza vyuma kuukuu wa kule Kiuu, nikachakura, nikapata leva ya pikipiki nyingine kabisa. Urefu ni ule, tundu la skrubu liko mahali pale pale. Nikaifunga kwa dakika tano na nikajiona mjanja. Ilipovutwa ikawa laini, nikasema basi ni hewa imeingia, nikaiacha hapo mpaka ufike.

Ulifika saa tatu kutoka Thika, ukafungua pampu ya juu, ukaona raba ya ndani imechoka. Ukaketi kwa debe. Ukauliza swali lako.

Daktari alikuwa amesimama mlangoni akipiga gumzo na mtu, na wateja wengine wawili walikuwa karibu nasi. Nilikuwa nimepaka jina langu ukutani mwezi ule ule, herufi kubwa, KARIUKI MOTORS, jina langu peke yangu, na wewe hukusema kitu. Nikasikia unaniuliza kama mwanafunzi mbele ya watu. Nikakujibu, "Hakuna kitu kimeguswa." Ningesema tu leva, Baba Zuhura. Ni neno dogo, na halikuwa hata na aibu. Kiburi tu kilinikaba.

Ukaniamini. Kwa nini usiniamini? Ukatoa raba kwa pampu ya gari, ukaipima na ile ya zamani mara tatu, ukaivalisha vile tulivyozoea sisi wote wawili siku zote tukikosa ya pikipiki. Halafu ukaanza kutoa hewa. Siku mbili. Ulimimina mafuta, ukavuta leva, ukafungua nati ya chini hewa itoke, ukafunga, ukagonga paipu na mpini wa bisibisi, ukaanza tena. Mafuta yalikuwa hayashuki vizuri, na mapovu hayakuisha. Nakumbuka ukisema, "Hewa haibishani na mtu, hupanda juu. Ikikataa kupanda, kuna mtu ameifungia mlango." Uliutafuta huo mlango kila mahali. Ulizibua katundu kadogo kalikoko chini ya kikombe cha mafuta, kile kilicho juu ya pampu, kale mafuta hurudia, kwa unywele wa waya. Nilikuwa nakushikia taa na najua leva si yake, na haikunijia hata mara moja kwamba inahusika. Hapo sidanganyi. Sikujua. Lakini wewe ungejua, kama ningekwambia.

Siku ya pili, Ijumaa, leva ikapata ugumu kidogo. Ukatikisa kichwa. Ukaniambia, "Kariuki, bado kuna kitu. Usimpe." Halafu ukaanza kujisugua mikono kwa mchanga na sabuni, ile robo saa yako ya kila Ijumaa, ili grisi isizuie maji ya udhu, na ukaenda msikitini.

Ukiwa kule, daktari alikuja. Alikuwa na ng'ombe wa mtu amekwama kuzaa upande wa Githurai. Aliniuliza kama iko tayari. Nikavuta leva, nikaona inatosha, nikampa.

Alifika mpaka stegi ya matatu ya Githurai 45. Akasimama kupisha watu, gia iko ndani, leva ameikamata mkononi, na klachi ikashika yenyewe. Pikipiki ikaruka mbele ikamtupa kwenye mkokoteni wa kreti za soda. Mguu wake ulivunjika mahali pawili. Mpaka leo anatembea na fimbo, na ana miaka arobaini na sita.

Jumatatu ndugu zake walileta ile pikipiki kwa pickup, watu wakajaa gereji. Waliuliza ni nani. Nikasema, "Ni raba za mzee. Aliweka za gari." Nilisema mbele yako. Nilisema nikiamini, na hiyo ndiyo inaniuma zaidi, kwa maana ningekuwa nadanganya ningeona haya hata kidogo. Hukuniambia kwamba ulinikataza kuitoa. Hukusema raba za gari tumeweka pamoja miaka mingi. Ulisimama na kile kitambaa chako, ukaniangalia, ukasema, "Labda." Basi. Ukakusanya sanduku lako la spana na debe lako, ukaenda Thika, na mimi nikadhani kunyamaza kwako ni kwa mtu mwenye makosa.

Nilisikia unatengeneza baiskeli nje ya msikiti, Majengo, huko huko Thika. Baiskeli, wewe. Nilipita Thika mara ngapi kwenda kutafuta spea? Sikuhesabu. Karibu miaka miwili nilipita, na kutoka stendi mpaka kwako ni kutembea tu. Hebu fikiria, nilikuwa nangoja wewe ndiye uje uniombe msamaha.

Halafu Zuhura, binti yako, akapiga simu kwa duka la jirani kwamba sukari imekumaliza. Nilikuja. Nilikuwa nyuma na Wakristo wengine, tumevua kofia bila kujua kama kwenu huvuliwa ama huvaliwa. Kabla ya kukuswalia, imamu aligeuka akasema marehemu alikuwa binadamu, na kama kuna aliyekosewa naye, wanaomba amsamehe hapo hapo, ili aende bila mzigo. Watu wakaitikia, "Tumemsamehe." Na mimi nikaitikia. Kwa sauti, Baba Zuhura. Nilipaza sauti kuliko majirani zako, wengine wakageuka kunitazama, nikajiona mtu mwema. Nikatia mchanga mara tatu kama wengine.

Nilirudi nyumbani nikamwambia Wambui nimekusamehe, moyo ni mwepesi. Aliendelea kuosha sufuria, halafu akauliza, "Kwani ulikosewa nini?" Nikamwambia anyamaze, hajui mambo ya mafundi.

Mwezi uliopita daktari alirudi. Barabara zimeharibika, gari lake halifiki kwa wakulima, na ile pikipiki ilikuwa imelala ghalani kwake tangu siku ile. Alisema sasa mguu unaweza kukanyaga gia, akaniomba nitengeneze klachi. Nikamwambia safari hii nitaweka raba ya haki. Nilienda Nairobi, nikatafuta siku nzima, nikapata raba mpya ya pikipiki yenyewe, ndani ya karatasi yake.

Nikafungua pampu nitoe yako. Nilijua nitakuta imefura ama imekatika. Ilikuwa nzima. Niliigeuza chini ya jua, nikavaa miwani nikaitazama tena. Haina hata mkwaruzo. Nikaiweka kwa mfuko wa shati, nikavalisha mpya, nikaanza kutoa hewa.

Ikakataa.

Nilipambana nayo siku tatu. Kila kitu ulichofanya nilikifanya, kwa mpango wako. Nikagonga paipu. Nikazibua kale katundu kwa waya. Mwisho nikachukua bomba la sindano, nikalijaza mafuta, nikalifunga kwa mpira kwenye nati ya chini na kusukuma kutoka chini kwenda juu, vile ulinionyesha mwaka ule wa lori la maziwa. Mafuta yanatakiwa kupanda yatokee kwa kikombe. Hayakutokea. Nilisukuma mpaka mpira ukachomoka nikaoga mafuta usoni. Hapo nikakasirika, nikasema kwa sauti, "Mzee, huyu ni mlango gani?" Na hakuna mtu wa kujibu.

Nilifungua leva niitoe, nifikie nati ya pampu tu. Sikuwa na wazo lolote. Nilipochomoa leva, nikasikia kwa kikombe, pwu. Povu moja. Halafu lingine. Halafu mafuta yakaanza kupanda yenyewe, na mapovu yanapasuka juu yake, mengi, bila mimi kugusa kitu. Nikarudisha leva. Yakasimama. Nikaitoa. Yakapanda.

Ngai, Mungu wangu. Nilikaa chini kwa mchanga.

Unaelewa, hata kabla sijamaliza. Ile leva ya Kiuu, pale nchani inaposukuma pistoni ya pampu, ilikuwa na nyama kidogo zaidi, unene wa kucha. Ukiiachilia kabisa bado inagusa. Pistoni hairudi mpaka nyumbani, inabaki imefunika kale katundu. Hewa haina pa kutokea, mafuta hayana pa kushukia. Ungeweza kumimina mafuta ya Thika yote. Nilichukua tupa nikapunguza ile ncha, piga piga hivi, nikaifunga. Dakika kumi, klachi ikawa ngumu kama ya siku ilipotoka kiwandani. Halafu nikatoa raba mpya nikarudisha yako ya gari, nione. Klachi ikawa ile ile.

Sikumwambia Wambui siku hiyo. Nilishindwa kula. Nilikuwa nafikiria pale makaburini na sauti yangu.

Nilianza na daktari. Nilimpelekea pikipiki mwenyewe mpaka kwake, nikamweleza yote: leva, ulivyoniuliza, nilivyokujibu, ulivyonikataza. Alisikiliza akiwa ameegemea fimbo yake. Alisema atatafuta fundi mwingine. Ni haki yake, sikumwomba afikirie tena.

Halafu nikaja Thika. Mama Zuhura aliniletea chai ya tangawizi kabla hajajua nimekuja na nini. Zuhura alikuwa amelala ndani, amejifungua wiki tatu zilizopita, msichana, mwenye mapafu ya kulia mpaka barabarani. Nilimweleza mama yake nikitazama kikombe. Nilimaliza chai ikiwa imepoa. Nilitaka anitukane. Mimi mwenyewe ningejitukana.

Badala yake akaniambia mambo ambayo sikuyajua. Kwamba ulipofika Majengo watu walikuletea breki za magari, kwa kuwa walijua wewe ni nani, na ukazikataa zote. Matatu, malori, hata gari la imamu. Kwamba mlipokosa unga ulikataa. Akakuuliza kwa nini, ukamwambia unaogopa utaumiza mtu mwingine. Ulisema baiskeli hata ukiikosea, mtu ataanguka taratibu. Usiku ulikuwa unarudia ile raba, ulivyoipima, mara tatu, na bado huoni ulikosea wapi, na kwa sababu huoni ndipo ukaamua huwezi kujiamini tena.

Nilidhani nilikuchukulia jina. Kumbe nilichukua kazi yenyewe, ile uliyoipenda, na ukafa ukidhani ulimvunja mtu mguu.

Nilimwomba Mama Zuhura msamaha. Aliniambia, "Kwa upande wangu nimekusamehe, Kariuki. Upande wake siwezi kuujibia. Haki ya mtu ni ya mtu." Hakusema kwa ubaya. Alinijazia chai. Akaniambia nikitaka niende nikuambie mwenyewe, na mimi nikaenda, lakini mvua imelaza makaburi yote upande ule, udongo umekuwa sawa, nikasimama kati ya mahali pawili bila kujua wewe uko wapi. Nikaona nitasema na mtu mwingine bure. Ndiyo maana naandika.

Zuhura anapajua. Amesema atanipeleka akipona, na atakusomea hii mwenyewe, kwa sababu Kiswahili changu ulikuwa unakicheka.

Sasa nikwambie nitakachofanya. Nimeongea na imamu wenu. Ijumaa hii, watu wakitoka kuswali, amenikubalia nisimame pale nje penye kivuli ulipokuwa unatengenezea baiskeli. Wale wazee waliosikia nikikusamehe wengi bado wako. Nitawaambia ule msamaha niliutoa bila kukosewa, na naurudisha. Nitawaambia leva ilikuwa yangu na neno lilikuwa langu. Nitasema kwa sauti ile ile. Naogopa, sikufichi, nimeshindwa kulala tangu nikubaliwe, lakini nitasema. Nikitoka hapo narudi Ruiru kufuta lile jina ukutani. Nitaandika la kwako kwanza, na mtu akiuliza ni nani huyo, nitamkalisha chini nimweleze yote bila kuruka mahali.

Lala, mzee wangu. Sikuombi unijibu. Mambo ya msamaha nitangoja, hata kama ni mpaka nifike huko. Nakuomba tu usikie hili moja, ulisikie hata kama mengine hayafiki: hukuumiza mtu yeyote, Baba Zuhura. Hukuumiza mtu.

Ni mimi,
Kariuki